Mkopo wa chuo huanzia kwenye cheti cha kuzaliwa

Ikifika Julai, steshenari za Ngamiani, mjini Tanga, hujaa vijana wenye bahasha za kaki mkononi. Wengi wamekuja kujaza fomu ya mkopo wakidhani fomu ndiyo kazi. Kwa mtu mwenye kila kitu mezani, fomu yenyewe haimalizi hata saa mbili. Kinachokula wiki na wiki ni mambo yaliyopaswa kuanza Februari, mwanafunzi akiwa bado bwenini kidato cha sita na mzazi akisema mkopo ni habari ya baadaye.

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005, haimtumi mtu Mwanzange wala Pongwe kuja kutazama kama nyumba yenu ni ya bati au ya makuti. Inachokiona ni namba: namba ya mtihani kutoka Baraza la Mitihani, namba ya cheti kilichohakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, namba ya kaya ya TASAF, mfuko wa Serikali unaosaidia kaya maskini, jina lako kwenye orodha ya waliodahiliwa. Umaskini usio na namba popote, kwa mfumo huo, haupo. Unaweza kulalamika, na pengine una haki, lakini dirisha litafungwa ukiwa unalalamika. Ndiyo maana hapa tutakaa kwenye vyeti muda mrefu kuliko kwenye fomu.

Anza na majina. Mtoto wa Tanga kliniki kaandikwa Athumani, madrasa wanamwita Othman, na siku ya kusajiliwa mtihani mwalimu akaandika Athuman bila ile "i" ya mwisho. Omari na Omary, Ally na Ali, Hatibu na Khatib, Mwanahamisi na Mwanahamis: kwa bibi wa Chumbageni hilo ni jina moja, kwa kompyuta ni watu wawili. Jina linalotawala ni lile la matokeo ya kidato cha nne, kwa sababu ukishaandika namba ya mtihani ndilo linalojileta lenyewe kwenye akaunti yako ya maombi. Hulichagui. Basi vyeti vingine ndivyo vya kulifuata, na si kinyume chake. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, matokeo ya kidato cha nne, namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na kadi ya benki, usome herufi kwa herufi, majina yote matatu. Tofauti ya herufi moja mbili kwenye cheti cha kuzaliwa ipeleke ofisi ya RITA ya wilaya uulize utaratibu wa marekebisho. Likiwa ni jina zima lililobadilika, utahitaji wakili akuandalie hati ya kubadili jina, nayo lazima isajiliwe. Kazi hiyo huhesabiwa kwa wiki, si kwa siku.

Cheti cha kuzaliwa hutoka kwenye kumbukumbu za wilaya ulikozaliwa, si unakoishi. Mtoto aliyezaliwa Hospitali Teule akakulia Makorora, kumbukumbu zake ziko Muheza. Ambaye hajawahi kusajiliwa kabisa atatakiwa kuonyesha vithibitisho: tangazo la kizazi kama lipo, kadi ya kliniki, cheti cha darasa la saba, cha ubatizo kwa Wakristo, barua ya mtendaji. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Baada ya hapo ni usajili uliochelewa, wenye maswali mengi zaidi na ada tofauti.

Ukishakuwa na cheti, bado. Lazima kihakikiwe. Unafungua akaunti kwenye mfumo wa RITA mtandaoni, unachagua huduma ya uhakiki wa vyeti, unaweka nakala iliyoskaniwa, unapata namba ya malipo, unalipa ada yake, halafu unasubiri jibu. Hapa watu huangushwa na mambo madogo sana. Wengine hupakia picha ya simu iliyopigwa usiku chini ya taa ya njano, muhuri hausomeki. Wengine huandika namba iliyochapwa kwenye karatasi ya cheti mahali panapotakiwa namba ya ingizo. Na vile vyeti vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono huchelewa, kwa kuwa mtu hulazimika kwenda kufunua daftari la wilaya. Mwenye cheti cha aina hiyo asisubiri Julai. Hata Mei kwake ni kuchelewa.

Kuna msemo wa mji huu, waja leo waondoka leo. Watu huutaja kwa utani, ila kwenye faili la mkopo una gharama yake. Tanga ni mji wa waliokuja: babu alitoka Kigoma au Songea kufanya kazi ya manamba kwenye mkonge, shangazi akavuka na jahazi kutoka Pemba, mjomba ana mke upande wa pili wa Horohoro. Kumbukumbu za familia moja zimetawanyika wilaya nne. Aliyezaliwa Pemba asipoteze muda na RITA. Cheti chake huhakikiwa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii Zanzibar. Aliyezaliwa Kenya, au ambaye mzazi wake amefia huko, anahitaji barua kutoka RITA, na barua hiyo haitoki kwa kubofya, unaifuatilia.

Sasa vifo. Yatima hupewa uzito kwenye upimaji wa uhitaji, lakini yatima wa kwenye fomu ni yule mwenye cheti cha kifo kilichohakikiwa. Baba alifariki nyumbani Pangani, akazikwa alasiri ile ile kama dini inavyotaka, na hakuna aliyekumbuka karatasi. Miaka tisa baadaye mtoto anaulizwa namba ya cheti. Kifo husajiliwa kwenye wilaya kilikotokea, na sheria inataka kiwe ndani ya siku 30. Ukichelewa bado inawezekana: utatakiwa uthibitisho wa hospitali au kibali cha mazishi kama kilikuwepo, barua ya mtendaji wa kijiji au mtaa, na mara nyingi kiapo cha ndugu anayekifahamu kifo hicho. Mzee wa ukoo aliyesimamia mazishi ndiye shahidi mzuri kuliko binamu msomi aliyekuwa Dodoma siku hiyo.

Kuna wanaochoka na mzunguko huo wakaandika kwamba mzazi yu hai, ili mradi fomu ipite. Inapita kweli, na wewe unapimwa kama mtoto mwenye wazazi wawili. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi. Baba yuko hai, ila aliondoka mtoto akiwa na miaka mitatu na hatumi hata mia. Hapo mfumo hauna kisanduku cha "alituacha". Usimwandike marehemu. Taarifa ya uongo ni kosa kisheria, na bila cheti cha kifo kilichohakikiwa haifiki mbali. Mtoto wa namna hiyo anabaki na vithibitisho vingine, na kikubwa ni TASAF.

Kaya ikiwa kwenye mpango wa TASAF, ina namba, na namba hiyo ina nguvu kuliko barua yoyote ya kusikitisha. Sharti ni uwe umeandikwa kama mwanakaya. Kijana anaishi kwa mama mdogo Mabawa kwa ajili ya shule, lakini kaya iliyoandikishwa ni ya mama yake Handeni: namba ya kutumia ni ya Handeni. Pigia simu nyumbani, uwaambie wasome kwenye kitambulisho cha kaya, wakutumie picha, usiandike kwa kusikia. Kwa mwenye ulemavu, au ambaye mzazi wake ana ulemavu, kuna fomu maalumu inayothibitishwa na Mganga Mkuu wa wilaya au mkoa. Barua ya zahanati ya kata haitoshi. Na aliyesoma shule ya kulipia kwa msaada wa mfadhili ahakikishe ana barua ya mfadhili huyo, akitaja ni nani na alilipa nini. Bila barua, ada ile inasomeka kama uwezo wa mzazi wako. Hili limewanyima wengi sana mkopo, hasa waliosomeshwa na misikiti, makanisa au matajiri wasiopenda kutajwa.

Dirisha la maombi hufunguliwa mwezi Juni au Julai na kwa kawaida hufungwa mwishoni mwa Agosti au baadaye kidogo. Huwa kuna nyongeza ya siku, ila kupanga kwa kutegemea nyongeza ni kumtegemea mvuvi aliyesema atarudi na changu. Kabla dirisha halijafunguka Bodi hutoa mwongozo wa mwaka huo. Usome wote, hata kama kaka yako aliomba mwaka jana, kwa sababu vipengele hubadilika. Masharti ya msingi ni uraia wa Tanzania, umri usiozidi miaka 35, udahili kwenye chuo kinachotambuliwa, kutokuwa na kipato cha ajira, na kuwa umehitimu kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita.

Wanaokwenda JKT, Jeshi la Kujenga Taifa, kwa mujibu wa sheria wana shida yao. Kijana akipangiwa kambi ya Maramba au Mgambo, hata kama ni humu humu mkoani, kambini hakuna steshenari ya kukimbilia jioni. Kabla hajaondoka aache nyumbani bahasha moja: vyeti vyenyewe, picha za pasipoti, namba ya NIDA, nakala ya kitambulisho cha mdhamini, pamoja na karatasi yenye barua pepe na nywila alizoziandika mwenyewe. Akaunti ya maombi afungue yeye kama dirisha limeshafunguka. Kama bado, mtu mmoja tu wa nyumbani apewe jukumu hilo. Wakipewa watatu hakuna atakayefanya.

Akaunti hufunguliwa kwa namba ya kidato cha nne: herufi ya kituo na tarakimu nne, namba ya mtahiniwa, kisha mwaka. Aliyerudia mtihani atumie namba ile ile anayoombea chuo. Ukiomba udahili kwa namba ya 2021 na mkopo kwa namba ya 2022, orodha ya vyuo ikiletwa hutaonekana. Kwa kompyuta, wewe umedahiliwa, na mtu mwingine mwenye jina lako ndiye aliyeomba mkopo.

Halafu jambo la kijana wa steshenari. Ni msaada mkubwa, kompyuta anayo, mfumo anaujua. Tatizo ni kwamba ili amalize haraka anaweka namba yake ya simu na barua pepe yake. Oktoba unapotakiwa kuingia kuangalia au kurekebisha, ujumbe unakwenda kwake, na yeye amehamia Korogwe. Kaa pembeni yake. Namba ya simu iwe yako, laini iliyosajiliwa kwa kidole chako, na usiitupe hadi umalize chuo. Nywila iandike kwenye daftari, usimwachie kwenye kivinjari chake.

Ada ya maombi imekuwa shilingi 30,000, hairudishwi. Mfumo wenyewe hukupa namba ya malipo, ile watu wanayoiita kontroli namba, unailipa kwa simu kupitia menyu ya malipo ya Serikali au kwa wakala wa benki. Pesa haipelekwi kwenye namba ya mtu. Anayekuambia tuma kwangu nitakulipia, na anayekuahidi kuongeza asilimia kwa kuwa "ana mtu ndani," ni wale wale.

Ukishajaza, unachapisha fomu pamoja na mkataba. Hapa ndipo watu waliofanya vizuri kote huanguka. Kuna kurasa za kusainiwa, na katika fomu za miaka ya karibuni zimekuwa ukurasa wa 2 na wa 5: mwombaji, mdhamini, kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji, na hakimu au wakili kwa ajili ya kiapo. Zote zisainiwe na kugongwa muhuri, kisha ziskaniwe na kupakiwa. Makosa ni yale yale kila mwaka. Muhuri umegongwa juu ya sura ya mdhamini, haonekani. Mtu amepakia ukurasa mmoja mara mbili. Mwenyekiti wa mtaa amesaini lakini muhuri uko kwa mtendaji, na mtendaji yuko semina. Tarehe ya kiapo imetangulia tarehe ya fomu yenyewe, ishara kwamba mtu aligonga karatasi tupu. Peleka Jumatatu au Jumanne asubuhi, anzia mtaani, malizia kwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo au wakili, maana anayeshuhudia kiapo anapaswa kukuona ukisaini mbele yake. Wakili muulize bei kabla hujakaa kwenye kiti.

Mdhamini anaweza kuwa mzazi, na si lazima awe mwajiriwa. Awe na kitambulisho halali na picha. Asomewe anachosaini. Kuna akina mama waliokataa dakika ya mwisho kwa hofu kwamba nyumba itachukuliwa, na hofu hiyo inatokana na kuletewa karatasi ya kusaini usiku, bila maelezo.

Swali la riba nalo huulizwa sana hapa, na wanaouliza wana sababu. Zamani mkopo ulikuwa na tozo ya kulinda thamani ya asilimia 6 kwa mwaka. Iliondolewa mwaka 2021, pamoja na adhabu ya asilimia 10 kwa waliochelewa kulipa. Ada ya uendeshaji ya asilimia 1 ipo. Hukumu ya kidini waulizwe masheikh, lakini waulizwe kwa takwimu za sasa, si za 2016. Marejesho kwa mwajiriwa ni asilimia 15 ya mshahara wa mwezi, na mhitimu hupewa miezi 24 ya kujipanga kabla ya kuanza kudaiwa.

Kwa kupita tu: aliyefaulu sana tahasusi za sayansi na kudahiliwa masomo ya sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au tiba afuatilie Samia Skolashipu, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23, ambayo si mkopo. Wanaokwenda stashahada katika fani zilizotajwa na Serikali, zikiwemo za afya na ualimu, nao wamekuwa wakikopeshwa tangu 2023/24, wasome mwongozo wao. Ile mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri ni ya vikundi vya biashara vya wanawake, vijana na wenye ulemavu; msiende kuombea ada.

Baada ya kutuma, usiifunge akaunti ukasahau. Mara nyingi Bodi hutoa siku chache za marekebisho kwa fomu zenye kasoro, na siku hizo hutangazwa bila kukugongea mlango. Ingia kila wiki. Matokeo hutoka kwa awamu na huonekana kwenye akaunti yako binafsi humo mfumoni. Kukosa awamu ya kwanza hakumaanishi umekosa. Angalia kwanza kama udahili wako umethibitishwa: aliyechaguliwa vyuo viwili asipothibitisha kimoja kwa namba ya siri anayotumiwa, Bodi haina chuo cha kumpelekea pesa. Awamu zikiisha hufunguliwa dirisha la rufaa, kwa kukosa kabisa au kwa kupewa kidogo. Rufaa isiyo na karatasi mpya ni barua ya malalamiko. Yenye cheti cha kifo kilichochelewa kuhakikiwa, namba ya TASAF iliyosahaulika au barua ya mfadhili, hiyo ina cha kusomwa.

Soma mgawo wako kipengele kwa kipengele. Ada huenda chuoni moja kwa moja, na wengi hupewa asilimia fulani tu. Kinachobaki ni chenu. Fedha ya chakula na malazi, bumu, hesabu yake ni hadi shilingi 10,000 kwa siku, hivyo kwa mgao wa siku 60 mwenye kiwango kamili hupata 600,000. Vitabu na viandikwa hadi 200,000 kwa mwaka. Mafunzo kwa vitendo yana fungu lake.

Bumu la kwanza halitakusubiri stendi. Lazima kwanza usajiliwe chuoni, akaunti ya benki iwe kwa majina yako yale yale ya kidato cha nne, uthibitishe kwa alama ya kidole kwenye mfumo wa malipo, chuo kitume taarifa, ndipo pesa iingie. Aliyetoka Tanga na nauli ya basi pekee hulala kwa watu. Kikoba cha mama, mauzo ya nazi, mchango wa wajomba, vyovyote itakavyokuwa, ziwepo pesa za mwezi mzima wa kula na kulala, pamoja na sehemu ya ada ambayo mkopo haukuifikia, kwa sababu bila hiyo usajili wenyewe unaweza kusimama, na usajili ukisimama bumu nalo linasimama. Vyeti halisi abebe mkononi kwenye mfuko wa nailoni, visiwekwe kwenye buti la basi pamoja na godoro.